unittest au pytest: testi za mradi wako wa Python uziendeshe kwa ipi?

Anayeanza kuandika testi za Python, yaani msimbo unaohakiki msimbo mwingine, hukutana na njia mbili mapema sana. Ya kwanza ni unittest, ambayo imo ndani ya Python yenyewe. Ya pili ni pytest, ambayo lazima uisakinishe kwa pip, kisakinishi cha vifurushi vya Python. Mafunzo mengi huzilinganisha kwa kuonyesha mistari saba ya upande huu na minne ya upande ule, kisha yanatangaza mshindi. Mistari mitatu ya ziada haijawahi kumchelewesha mtu. Kinachokula muda ni testi zikishafika mia kadhaa, moja imefeli saa kumi na moja jioni, na unataka kujua ni ipi, imefeli kwa nini, na utairudiaje hiyo peke yake bila kuzisubiri nyingine zote. Kwa hiyo hapa nazilinganisha zaidi kwenye kuendesha kuliko kwenye kuandika.

Msimamo wangu niuweke wazi mapema. Mradi mpya wenye watu zaidi ya mmoja, tumia pytest. Mradi wa Django, mfumo wa kutengenezea tovuti kwa Python, ambao haujakubana, baki na kiendeshi chake mwenyewe, yaani programu yake ya kuendeshea testi. Maktaba ndogo, skripti, au mashine ambayo huruhusiwi kuisakinishia kitu, unittest inatosha.

Zilikotoka

unittest inaonekana kama imevaa koti la mtu mwingine, na kweli ni la kuazima. Kent Beck aliandika SUnit kwa ajili ya lugha ya Smalltalk. Baadaye yeye na Erich Gamma wakaipeleka kwa watu wa Java kwa jina la JUnit. Steve Purcell akaitoa huko akaipa Python, na toleo la 2.1 la mwaka 2001 likaiingiza kwenye maktaba ya msingi. Ndiyo maana hadi leo unaandika `setUp` na `assertEqual` katika lugha ambayo majina ya fankisheni kwa desturi huandikwa kwa herufi ndogo na kistari cha chini. Aliyesoma Java chuoni hatapata shida nayo. pytest ilichipuka kwa watengenezaji wa PyPy (Python iliyoandikwa kwa namna nyingine), Holger Krekel akiwa mbele, enzi hizo ikiitwa py.test. Kwake testi ni fankisheni ya kawaida, na kuhakiki ni `assert` ambayo Python inayo tayari.

Kazi moja, njia mbili

Chukua kazi ambayo mifumo mingi ya huku inayo: kusanifisha namba za simu. Mteja mmoja anaanza na sifuri, mwingine na 255, wa tatu anaweka alama ya kujumlisha na kuacha nafasi katikati. Fankisheni `sanifisha` inatakiwa kuwarudishia wote umbo moja. Kwa unittest:

```python
import unittest
from namba import sanifisha

class SanifishaTest(unittest.TestCase):
    def test_maumbo_yote(self):
        for ghafi in ("0700000001", "255700000001", "+255 700 000 001"):
            with self.subTest(ghafi=ghafi):
                self.assertEqual(sanifisha(ghafi), "+255700000001")
```

Kwa pytest:

```python
import pytest
from namba import sanifisha

@pytest.mark.parametrize("ghafi", ["0700000001", "255700000001", "+255 700 000 001"])
def test_maumbo_yote(ghafi):
    assert sanifisha(ghafi) == "+255700000001"
```

Kwa kuziangalia tu zinafanana. Ziendeshe uone. unittest itakuambia imeendesha testi moja. Pytest itasema tatu. Kwa pytest kila umbo la namba ni testi kamili yenye jina lake, na unaweza kuita moja tu:

```
pytest "test_namba.py::test_maumbo_yote[0700000001]"
```

Ndani ya `subTest` huwezi. Umbo moja likifeli, kulirudia ni kurudia mzunguko mzima. Kwa namba tatu za simu hiyo si kitu. Kwa testi inayopitia mafaili arobaini ya mfano ya taarifa za benki, kila faili likichukua sekunde mbili, utaanza kuandika `if ghafi != ...: continue` ndani ya testi, na siku moja utasahau kuifuta.

`subTest` ina faida yake pia. Thamani za `parametrize` hukusanywa kabla testi yoyote haijaanza, kwa hiyo haziwezi kutoka kwenye hifadhidata ambayo testi yenyewe ndiyo inayoijaza. `subTest` inapokea chochote unachokipata katikati ya safari.

Testi ikifeli

Tuseme `sanifisha` imesahau kuondoa sifuri ya mwanzo. unittest itakuonyesha kwamba `'+2550700000001'` si sawa na `'+255700000001'`, na itataja `ghafi` iliyoleta tatizo. pytest itasema hayo hayo kwa mpangilio wake. Hapo ni sare, na wanaodai unittest haionyeshi thamani hawajaitumia inavyotakiwa.

Tofauti inajitokeza mwandishi anapokuwa mvivu, yaani mara nyingi. Mtu anaandika `self.assertTrue(namba in orodha)`. Ikifeli, anachopata ni `False is not true`, basi. Namba ipi? Orodha ilikuwa na nini? Hujui, na kama imefeli kwenye seva inayoendesha testi za timu na si kwenye kompyuta yako, utaongeza `print`, utume tena, usubiri tena. Dawa ipo, ni `assertIn`. Zipo pia `assertIsNone`, `assertRaises`, `assertAlmostEqual` na nyinginezo, ila kila moja inataka ukumbukwe uwepo wake. Kwa pytest unaandika `assert namba in orodha` na ikifeli inakuonyesha namba na orodha yenyewe, uwe hodari au uwe umechoka.

Siri yake ni kwamba pytest inapopakia faili la testi huziandika upya `assert` zilizomo ili zihifadhi thamani za kila upande. Inafanya hivyo kwa mafaili ya testi na `conftest.py`, faili la maandalizi ambalo pytest hulisoma yenyewe. Ukihamishia `assert` zako kwenye moduli ya kawaida, tuseme `vifaa.py`, maelezo yanatoweka na unabaki na `AssertionError` tupu, mpaka uisajili moduli hiyo kwa `pytest.register_assert_rewrite` kabla haijapakiwa. Timu inayopenda kujitengenezea fankisheni zake za kuhakiki itagongana na hili.

Amri za kila siku

Hapa ndipo mimi binafsi naona uamuzi unapofanyika.

| Unachotaka | unittest | pytest |
|---|---|---|
| Zote | `python -m unittest` | `pytest` |
| Moja tu | `python -m unittest tests.test_namba.SanifishaTest.test_maumbo_yote` | `pytest tests/test_namba.py::test_maumbo_yote` |
| Zenye neno fulani katika jina | `-k maumbo` | `-k maumbo` |
| Simama ya kwanza ikifeli | `-f` | `-x` |
| Rudia zilizofeli tu | hakuna | `--lf` |
| Kumi zilizo polepole zaidi | `--durations 10` (kuanzia Python 3.12) | `--durations=10` |
| Fungua kitatuzi pale ilipofelia | hakuna | `--pdb` |

Safu ya `--lf` ndiyo inayonifanya nirudi pytest kila mara. Umebadilisha kitu, testi tisa kati ya mia sita zimefeli. Unarekebisha, unaendesha `pytest --lf`, zinaendeshwa zile tisa tu. Zimebaki nne, unaendesha tena, nne tu. Zikiisha unaendesha zote mara moja kuhakikisha. Ipo pia `--sw`, inayosimama kwenye ya kwanza kufeli na mara ijayo kuendelea kuanzia hapo. Kwa unittest kazi hii unaifanya kwa kunakili majina marefu kutoka terminali na kuyabandika tena.

`-k` zipo pande zote mbili, ila ya pytest inaelewa maneno ya kuunganisha: `-k "maumbo and not zanzibar"`. Ya unittest inalinganisha kipande cha jina tu, au kipande chenye nyota.

Kuna mitego kila upande ambayo inafaa uijue kabla ya kuchagua, na ya unittest haipigi kelele. unittest inatafuta mafaili yanayolingana na `test*.py`, na haiingii kwenye folda ndogo isiyo na `__init__.py`, faili linaloitambulisha folda kama pakiti ya Python. Ukiita faili `namba_test.py`, halionekani. Ukisahau `__init__.py` kwenye `tests/malipo/`, testi zote za malipo haziendeshwi, na mwisho unaandikiwa OK kwa herufi kubwa. Kabla ya Python 3.12 hata kukiwa hakuna testi iliyopatikana kabisa, amri ilimalizika kwa 0, namba ya mafanikio, na seva ikaweka alama ya kijani. Kuanzia 3.12 inamalizika kwa 5. pytest imekuwa ikitoa 5 kwa hali hiyo tangu zamani, inakubali `test_*.py` na `*_test.py`, na haihitaji `__init__.py`. Lakini nayo, kwa mipangilio yake ya kawaida, ukiwa na `test_malipo.py` katika folda mbili tofauti zisizo na `__init__.py`, inachanganyikiwa na kulalamika kwamba faili iliyopakia si ile iliyotarajia. Na `pytest` tupu haiongezi folda uliyopo kwenye njia ya Python, wakati `python -m pytest` inaiongeza. Ukiona `ModuleNotFoundError` kwa moduli iliyo mbele ya macho yako, jaribu hiyo ya pili kabla hujaanza kuhamisha mafaili.

Maandalizi

unittest ina `setUp` kabla ya kila testi na `tearDown` baada yake. Rahisi kusoma: fungua klasi, tazama juu, umeona kila kitu. Ubaya ni kwamba `setUp` inaendeshwa kwa kila testi ya klasi hiyo hata zisizohitaji nusu ya vilivyomo, na klasi ikikua, `setUp` inakua nayo. Jambo lingine linalosahaulika: `setUp` yenyewe ikivunjika katikati, `tearDown` haiitwi. Faili la muda ulilolifungua linabaki. Tumia `addCleanup` mara tu unapofungua kitu. Hiyo inaitwa kwa vyovyote vile.

pytest ina fiksha. Unaandika fankisheni, unaiwekea `@pytest.fixture`, na testi inayohitaji kitu hicho inakitaja kama kigezo:

```python
@pytest.fixture
def akaunti():
    a = fungua_akaunti(salio=50_000)
    yield a
    a.funga()

def test_kutoa(akaunti):
    akaunti.toa(20_000)
    assert akaunti.salio == 30_000
```

Kilicho juu ya `yield` ni maandalizi, kilicho chini ni usafi. Testi isiyotaja `akaunti` haigharamii. Fiksha moja inaweza kuitegemea nyingine, na kwa `scope="session"` kitu kizito kama muunganisho wa hifadhidata kinatengenezwa mara moja kwa safari nzima.

Ni nzuri sana, na ndiyo sehemu ya pytest inayoharibiwa kuliko zote. Fiksha huwekwa kwenye `conftest.py`, na faili hilo halipakiwi kwa jina popote. Testi zinalipata kwa kuwa lipo kwenye folda hiyo au iliyo juu yake. Mgeni anayesoma `def test_kutoa(akaunti, mteja, soko, saa)` hana mstari wowote wa `import` wa kumwonyesha `soko` imetoka wapi. Nimeona miradi yenye `conftest.py` tatu zinazopandana, kila moja na `mteja` wake. `pytest --fixtures -v` itakuorodheshea ziliko, na `--setup-show` itakuonyesha ipi imeitwa lini, lakini nidhamu ni ya timu yenyewe. Kingine: fiksha ya `session` inayobeba kitu kinachobadilika ni mwaliko wa testi kuchafuana. Ikipita peke yake na kufeli ikiwa na wenzake, anzia hapo kuchunguza.

Kwa habari ya kuchafuana, mpangilio nao hutofautiana. unittest hupanga mbinu za klasi kwa alfabeti, pytest hufuata fankisheni na klasi zilivyoandikwa kwenye faili. Testi zinazotegemeana kwa siri zinaweza kupita kwa moja na kufeli kwa nyingine, na hilo watu wengi huligundua siku ya kuhama. Lawama si ya kiendeshi.

Ukiwa na Django

Django ina wapenzi wengi ukanda huu, hata DjangoCon Africa ya kwanza ilifanyika Zanzibar mwaka 2023, kwa hiyo swali hili linakuja mara kwa mara. `python manage.py test` ni unittest iliyoongezewa vitu. Inatengeneza hifadhidata ya majaribio, `TestCase` yake inafunga kila testi ndani ya muamala wa hifadhidata na kuurudisha nyuma mwishoni, inazo `--parallel`, `--keepdb`, na tangu toleo la 4.0 `--shuffle` ya kuchanganya mpangilio. Kwa timu nyingi hicho ni kila kitu wanachohitaji, na hakuna cha kusanidi.

Ukitaka pytest unaongeza pytest-django na kutaja `DJANGO_SETTINGS_MODULE` kwenye mipangilio yake. Kuna mambo mawili ya kupima. La kwanza ni zuri: testi zilizoandikwa kama fankisheni haziruhusiwi kugusa hifadhidata mpaka uziwekee alama ya `django_db`. Wengine hukerwa, mimi naona ni faida, kwa sababu baada ya miezi sita unajua kwa kutazama tu ni testi zipi zinazobeba uzito wa hifadhidata. La pili si zuri. `--keepdb` ya Django inahifadhi hifadhidata kati ya safari na bado inatekeleza mabadiliko mapya ya majedwali. `--reuse-db` ya pytest-django, kwa mujibu wa mwongozo wake, haiyafuatilii. Ukiongeza safu kwenye jedwali lazima ukumbuke kuongeza `--create-db`, la sivyo unaweza kupata hitilafu ya safu isiyokuwepo na kuitafuta mahali ambapo haipo.

Kasi

pytest haifanyi testi zako ziende mbio. Kama kila testi inaita huduma ya nje au inasubiri `sleep`, itasubiri vile vile. Inachokupa ni pytest-xdist: `pytest -n auto` inagawa testi kwa michakato kadhaa kulingana na prosesa yako. Kila mchakato ni wa kujitegemea, kwa hiyo fiksha ya `session` inatengenezwa upya ndani ya kila mmoja, na testi zinazoandika kwenye faili lile lile zitagombana. unittest tupu haina usambamba.

Kabla ya kununua kasi kwa njia yoyote, endesha `--durations` utazame zile kumi za juu. Kwenye Django mara nyingi utakuta chanzo ni kutengeneza watumiaji: kanuni ya kuficha nywila, PBKDF2, imefanywa iwe nzito kwa makusudi. Kwenye mipangilio ya testi pekee weka `MD5PasswordHasher`. Hii inasaidia pande zote mbili sawa.

Pale unittest inaposhinda waziwazi

Skripti ya faili moja ambayo mtu mwingine ataikimbiza kwenye seva ya ofisi isiyo na intaneti. Maabara ya chuo ambako wanafunzi arobaini wanagawana mtandao mmoja na kompyuta hazikubali usakinishaji. Maktaba ambayo hutaki itegemee chochote. Ukilazimika kupeleka pytest mahali kama hapo, `pip download pytest` kwenye mashine yenye intaneti, ikiwezekana yenye mfumo na toleo lile lile la Python, itakupa mafaili ya kubeba kwenye flashi. Ni machache na mepesi.

Msimbo wa `async` ni sehemu nyingine. unittest ina `IsolatedAsyncioTestCase` tangu Python 3.8, bila kuongeza kitu. pytest inahitaji programu-jalizi, pytest-asyncio kwa mfano, na kila programu-jalizi ni toleo jingine la kufuatilia pytest yenyewe inapopanda. Ukichagua pytest, funga matoleo ya vyote kwenye faili la mahitaji.

Kama tayari una testi za unittest

Usiziandike upya. pytest inaendesha klasi za `unittest.TestCase` kama zilivyo, pamoja na `setUp`, `skip` na `addCleanup`. Sakinisha, andika `pytest`, linganisha idadi iliyoendeshwa na ile ya zamani. Ikipungua, kuna mafaili ambayo majina yake hayalingani, au mtu alitumia `load_tests`, njia ya unittest ya kujichagulia testi za kupakia, ambayo pytest haiijali. Ikizidi, huenda kulikuwa na folda isiyo na `__init__.py` na testi zake hazijaendeshwa kwa muda mrefu. Jiandae kukuta baadhi zimefeli. Matoleo ya pytest kabla ya 9 yalihitaji programu-jalizi ili kuielewa `subTest` sawasawa.

Ndani ya klasi hizo za zamani hutaweza kutumia `parametrize` wala kupokea fiksha kama vigezo. Kwa hiyo klasi za zamani ziache kama zilivyo, mpya ziandike kama fankisheni, na klasi ya zamani ibadilishe siku ambayo unaigusa kwa sababu nyingine. Kiendeshi kiwe kimoja tu kwenye seva na kwenye kompyuta za wote. Mmoja akiendesha `python -m unittest` na mwingine `pytest`, testi mpya za fankisheni yule wa kwanza hazioni kabisa, na yeye ataendelea kuona OK.